Hangzhou: Ziwa, Chai na Mwalimu wa Kiingereza

Nyuma ya noti ya yuan moja ya China pamechorwa vijinara vya mawe vilivyochomoza majini, na vilima kwa mbali. Ni Xihu hapo, Ziwa la Magharibi, katika mji wa Hangzhou, makao makuu ya jimbo la Zhejiang. Noti yenyewe siku hizi huioni sana mikononi mwa watu. Muuza viazi vitamu vya kuchoma kwenye kona ya barabara amening'iniza shingoni kikadi chenye msimbo wa QR. Unaskani, simu yake inatangaza kwa sauti kiasi kilichoingia, naye anakukabidhi kiazi chako kikifuka moshi. Mtu anayetajwa kuliko wote kwa kuizoesha China malipo ya namna hii ni mtoto wa mji huu huu. Wazazi walimwita Ma Yun; dunia inamwita Jack Ma.

Habari za utajiri wake zimeandikwa mpaka zimechosha, nami sina haja ya kuzirudia. Kilichonivuta ni mji. Nimezunguka Hangzhou kwa miguu na kwa baiskeli, nikatoka na msimamo mmoja: mtu huyu asingetokea Beijing wala Shanghai. Kila alichokuja kukifanya alikwisha kukiona nyumbani.

Tuanze na ziwa, maana hapo ndipo kila mtu anapoanzia. Vilima vimelizunguka pande tatu, upande wa nne ndio mji. Si kubwa. Ukubwa wake haufiki kilomita za mraba saba, na mtu aliyezoea Ziwa Victoria anaweza kulidharau kwa mtazamo wa kwanza. Asifanye haraka. Uzuri wake umetengenezwa na mikono ya watu, karne baada ya karne. Mwaka 1089 aliletwa hapa gavana aliyekuwa pia mshairi mkubwa, Su Dongpo, akalikuta ziwa limezibwa na magugu na tope. Akaamuru lichimbwe. Tope lote lile wangelipeleka wapi? Wakalirundika katikati ya maji, kutoka kusini hadi kaskazini, likawa tuta la karibu kilomita tatu lenye madaraja sita. Ndilo tuta wanalotembea wapenzi na wazee wenye redio hadi leo, chini ya mierebi iliyoinamia maji. Zaidi ya miaka 250 kabla yake, gavana mwingine mshairi, Bai Juyi, naye alihangaikia maji ya ziwa hilo hilo. Sijui mji mwingine ambao viongozi wake wanakumbukwa kwa mambo mawili, mashairi na kuchimba tope. Mwaka 2011 UNESCO ililiingiza ziwa hili katika orodha ya urithi wa dunia, na kwa kweli walichelewa.

Jambo la pili la kulijua kuhusu Hangzhou ni wageni. Kuanzia 1138 hadi 1276 ulikuwa mji mkuu wa dola ya Song ya Kusini, na bidhaa zake zilifika mbali. Yale mabakuli ya kijani kibichi yanayofukuliwa Kilwa na Gedi, mengi yalitoka kwenye tanuri za Longquan, kusini mwa jimbo hili hili la Zhejiang. Marco Polo aliusifu mji kwa maneno makubwa. Ibn Battuta, aliyepita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, ameuandika kwa jina la Khansa, na kusema hajapata kuona mji mkubwa kama huo duniani. Waislamu walikuwa na mtaa wao, na msikiti wao wa kale, unaoitwa Msikiti wa Feniksi, bado uko katikati ya mji, kwenye barabara yenye maduka pande zote. Ukumbi wake wa nyuma ni wa matofali, wenye kuba tatu. Ukiingia kutoka kwenye kelele za barabarani unasikia ubaridi wa kuta nene, na unaiona saa ya ukutani inayoonyesha nyakati za sala.

Mtoto Ma alizaliwa mwaka 1964, wazazi wake wakiwa wasanii wa pingtan, sanaa ya kusimulia visa kwa kuimba na kupiga ala za nyuzi. Nyumba ya wasimulizi, basi. Aliyepata kumsikiliza jukwaani, akipinda sauti na kuwachekesha watu ukumbi mzima, ataelewa alikokitoa kipaji hicho.

Alikua wakati mbaya, miaka ya Mapinduzi ya Utamaduni, China ikiwa imejifungia. Lakini hata wakati huo Hangzhou haikufungwa kabisa. Februari 1972 Rais Nixon wa Marekani aliletwa hapa kutazama ziwa. Mlango wa nchi ulipofunguliwa mwaka 1978, watalii walianza kumiminika, na wengi walifikia kwenye hoteli moja iliyoko Barabara ya Beishan, ufukwe wa kaskazini. Iliitwa Hoteli ya Hangzhou. Leo ni Shangri-La. Kijana huyo akawa anaamka alfajiri, anaendesha baiskeli yapata dakika 40, anasimama langoni na kuwasubiri wazungu watoke. Anawaambia atawatembeza bure. Ujira wake ni kuzungumza naye Kiingereza. Kwa simulizi yake mwenyewe, alifanya hivyo kwa miaka tisa.

Wazanzibari wana jina la vijana wa aina hiyo: papasi. Tofauti ni kwamba huyu hakutaka hata senti, wala hakuwa na duka la mjomba la kuwapeleka wageni. Na kama ilivyo kwa mapapasi wetu wa Forodhani, alijifunza jambo lisilofundishwa darasani: kumtazama mtu usiyemjua, ndani ya dakika mbili ukajua anataka nini, na ukampa neno la kumfanya acheke.

Nilikwenda Beishan asubuhi moja ya vuli. Hangzhou ilianzisha baiskeli za umma mwaka 2008, nyekundu, na saa ya kwanza hulipi. Barabara yenyewe inapendeza kuliko zote nilizopita China: upande mmoja nyumba za zamani za matofali ya kijivu, upande wa pili maji, na juu mikuyu mikubwa iliyokutanisha matawi kama paa. Mayungiyungi ya kiangazi yalikuwa yamekauka, yamebaki mabua meusi yamejikunja majini, nao wapiga picha walikuwa wameyafuata hayo mabua na kamera zenye lenzi ndefu. Hatua chache kutoka hotelini liko hekalu la Yue Fei, jemadari wa zama za Song aliyeuawa kwa fitina. Mbele ya kaburi lake wamepigishwa magoti watu wanne wa chuma, mikono imefungwa nyuma, ndio waliomsingizia. Kwa mamia ya miaka watu walikuwa wakiwatemea mate, mpaka yakawekwa maandishi ya kukataza. Msichana mmoja mwanafunzi, beji ya kujitolea kifuani, alikuwa akiwaeleza kisa hicho wazee wawili wa Kizungu. Kiingereza chake kilimkwama kwenye neno la fitina. Akatafuta, akakosa, mwisho akaigiza: akamnong'oneza sikioni mtu asiyekuwepo, akamnyooshea kidole yule jemadari. Wale wazee wakaangua kicheko. Wameelewa.

Kwenye lango la hoteli ile ndipo Ma alipofahamiana, mwaka 1980, na familia moja ya Australia kwa jina la Morley. Walipoondoka waliandikiana barua. Mzee Ken Morley alimwomba aache nafasi kati ya mistari, ili amsahihishie Kiingereza na kumrudishia. Mwaka 1985 wakamwalika kwao Newcastle. Alikuwa amefundishwa shuleni kwamba China ndiyo nchi yenye raha kuliko zote. Aliyoyaona Australia yakamfanya, anasema, aanze kufikiri kwa kichwa chake mwenyewe. Fadhila hiyo hakuisahau. Mwaka 2017 alitoa dola milioni 20 kwa Chuo Kikuu cha Newcastle, na ufadhili wa wanafunzi ukapewa jina la Ma na Morley kwa pamoja.

Shuleni lakini mambo hayakumwendea vizuri. Mtihani wa kuingia chuo kikuu alifeli mara mbili. Katika hesabu, mara ya kwanza alipata alama 1, mara ya pili 19. Katikati hapo alibangaiza, akibeba mabunda ya majarida kwa guta la kukanyaga. Mara ya tatu alipita kwa shida, akaingia Chuo cha Ualimu cha Hangzhou, ambacho hakikuwa chaguo la vijana wenye majina. Alihitimu mwaka 1988 na kuajiriwa kufundisha Kiingereza katika chuo cha uhandisi wa elektroniki mjini humo. Bwana huyu, ambaye ameitwa baba wa biashara ya mtandaoni China, hajapata kuandika mstari mmoja wa programu maishani mwake. Ni mwalimu. Baadhi ya waliokuja kuanzisha kampuni pamoja naye walikuwa wanafunzi wake.

Hapa sina budi kuutaja mji ambao wasomaji wangu wengi wanaujua kuliko Hangzhou. Yiwu iko kusini, jimbo hilo hilo, na treni ya kasi haimalizi saa nzima kutoka huko. Ukitembea kwenye soko lake lenye vibanda zaidi ya 70,000 utasikia Kiswahili kila baada ya korido mbili: wa Kariakoo, wa Eastleigh, wa Kampala, wa Lubumbashi. Watu wanakagua sampuli, wanabishana na ajenti juu ya mita za ujazo, wanachanganya mzigo ili kontena lijae. Nilipomwambia dada mmoja wa Kariakoo kwamba kesho yake napanda treni kwenda Hangzhou, alinitazama kama niliyepungukiwa.

"Huko kuna mzigo gani, kaka?"

"Hakuna mzigo, dada. Kuna ziwa."

Akacheka, akarudi kuhesabu pochi zake.

Ningemsimulia hili asingecheka. Mwaka 1994 mwalimu Ma alifungua ofisi ya ukalimani mjini Hangzhou, iliyoitwa Haibo. Kazi zilikuwa chache na mapato hayakutosha hata kulipia pango. Akachukua gunia, akaenda Yiwu, akanunua maua, zawadi na vikorokoro, akarudi nalo begani na kuviuza Hangzhou ili ofisi isifungwe. Naam, tajiri yule alipita kwenye korido hizo hizo na gunia lake, akijumua kwa bei ya chini na kuchuuza. Alifahamu wenye viwanda vidogo ni watu gani, wanaogopa nini, na wateja wao wanawatafuta kwa shida gani.

Na hilo ndilo fungu la tatu la urithi wake. Beijing ilikuwa na wizara, Shanghai ilikuwa na mabenki na mashirika makubwa. Zhejiang ilikuwa na watu wanaotengeneza vitu vidogo nyumbani kwao na kuvitafutia soko. Kijiji kizima kinashona soksi, kingine kinatengeneza vifungo vya nguo, kingine viberiti vya gesi. Mtengenezaji wa vifungo hana ofisi New York. Anachohitaji ni mnunuzi ajue kwamba yupo.

Mwaka 1995 alipelekwa Marekani kama mkalimani katika shauri la ujenzi wa barabara, safari ikaharibika, akaishia Seattle kwa watu waliomwonyesha intaneti kwa mara ya kwanza. Akaandika neno la Kiingereza la bia. Zikatokea za Kimarekani na za Kijerumani. Ya China hata moja. Wakamtengenezea ukurasa mbovumbovu wa ile ofisi yake ya ukalimani, na kabla siku haijaisha barua pepe zilikuwa zimeingia. Alirudi nyumbani akiwa mtu mwingine, akaanzisha China Pages, orodha ya kampuni za Kichina mtandaoni, wakati ambapo Hangzhou kwenyewe intaneti haikuwapo. Ilimbidi awauzie watu kitu ambacho hawakuweza kukiona. Aliingia ubia na shirika kubwa la simu, akamezwa, akatoka mikono mitupu. Akaenda Beijing kufanya kazi chini ya wizara ya biashara ya nje. Huko mwaka 1997 akapewa kazi aliyoizoea tangu utoto, kumtembeza mgeni. Mgeni mwenyewe alikuwa Jerry Yang, mmoja wa waanzilishi wa Yahoo, na wakapanda pamoja Ukuta Mkuu. Miaka minane baadaye, Yahoo iliweka dola bilioni 1 katika kampuni ya mtembezaji huyo na kupata karibu asilimia 40 ya hisa zake. Sijui kama kuna matembezi mengine yaliyolipa hivyo.

Beijing hakukaa. Mwanzoni mwa 1999 aliwakusanya wenzake, akawaambia anarudi kwao, mishahara itakuwa midogo na ofisi itakuwa sebuleni kwake. Walikuwa watu 18 pamoja naye, wakachanga yuan 500,000. Jina la kampuni alilitoa kwenye Alfu Lela Ulela, kisa cha Ali Baba na pango linalofunguka kwa neno, ambacho sisi wa pwani tumekisikia tangu tungali watoto.

Nyumba hiyo ipo mpaka leo, mtaa wa Hupan Huayuan, magharibi ya mji. Msafiri asitegemee makumbusho. Ni maghorofa ya kawaida ya watu wa kipato cha kati, nguo zimeanikwa vibarazani, pikipiki za umeme zimepangwa chini, mlinzi kwenye kibanda anakunywa chai kwenye chupa yake. Mimi niliishia getini. Humo humo, Mei 2003, wakati ugonjwa wa SARS umewafungia wafanyakazi majumbani, ndimo ilimozaliwa Taobao, soko la mtandaoni la watu wa kawaida lililokuja kuitimua eBay nchini China. Mwaka uliofuata ikaja Alipay. Anayejua uchungu wa kutuma kianzio kwa kiwanda ambacho hajawahi kukiona ataelewa mara moja ilichofanya: pesa ya mnunuzi inashikwa katikati, muuzaji anajua ipo, lakini haigusi mpaka mzigo ufike na mwenyewe auridhie. Ni kazi ya dalali mwaminifu, iliyofanywa kwa mashine, kwa mamilioni ya watu wasiojuana.

Yaliyobaki yanajulikana. Septemba 2014 hisa za Alibaba ziliuzwa New York kwa dola bilioni 25, rekodi ya dunia wakati huo. Oktoba 2018 alikuwa Kigali kutia saini makubaliano, na kahawa ya Rwanda ikaanza kuuzwa kwa Wachina kupitia maduka yake ya mtandaoni. Septemba 10, 2019, siku alipotimiza miaka 55, ambayo China ni Siku ya Walimu, aliacha uenyekiti. Oktoba 2020 alihutubia Shanghai akiwakosoa wasimamizi wa mabenki. Siku chache baadaye uuzaji wa hisa za Ant, kampuni inayomiliki Alipay, ukasimamishwa, na mwaka 2021 Alibaba ikatozwa faini ya yuan bilioni 18.2. Msemaji huyo akanyamaza kwa muda mrefu. Zipo pia lawama za haki dhidi ya kampuni yenyewe: bidhaa bandia, na saa za kazi za kuwachosha vijana, ambazo yeye mwenyewe alizitetea hadharani. Sitamfanya mtakatifu.

Mji ndio ambao haukutetereka. Upande wa magharibi, karibu na bonde la chepechepe la Xixi, ambako wazee bado wanapiga makasia kati ya matete, yamesimama majengo ya Alibaba na ya kampuni changa zisizohesabika. DeepSeek, programu ya akili bandia iliyowatia watu kiwewe mapema 2025, nayo ni ya Hangzhou. Mchana vijana wa huko wanakula tambi wamesimama. Jioni unawakuta ziwani.

Nami siku yangu niliyoipenda zaidi haikuwa na kompyuta hata moja. Nyuma ya ziwa, vilimani, viko vijiji vya chai ya Longjing, mashamba yamepanda ngazi hadi ukingo wa msitu. Majani ya thamani ni yale yanayochumwa kabla ya Qingming, mwanzoni mwa Aprili, lakini kukaanga kunaonyeshwa wageni hata nje ya msimu. Mzee mmoja alikaa mbele ya karai la moto, hana glavu wala kijiko. Anayakandamiza majani kwa kiganja kitupu, anayaburuta hadi ukingoni, anayarusha, anayadaka, tena na tena, mpaka yanalala bapa kama visu vidogo. Ngozi ya kiganja chake iling'aa kama mbao iliyopigwa msasa. Nilipomwonyesha kwa ishara kwamba ni moto, alinishika mkono akausogeza karibu na karai. Niliuondoa haraka, na mkewe akacheka hadi akamwaga maji. Kisha wakanikaribisha. Chai hawaichuji wala hawaitii sukari. Majani yanatiwa kwenye bilauri, yanamiminiwa maji, yanasimama wima, halafu yanashuka moja moja. Mtu wa chai ya rangi yenye tangawizi ataona mwanzoni kama amepewa maji ya mboga. Anywe bilauri ya pili.

Msomaji ukipata nafasi, panga safari yako iangukie Novemba au mwanzo wa Aprili. Kiangazi ni joto la kunata, na wiki ya kwanza ya Oktoba ni sikukuu ya taifa, watu wanabanana kwenye tuta la Su Dongpo hata huoni maji. Toka Shanghai kwa treni ya kasi, ni kama saa moja, na pasipoti uishike mkononi kwa kuwa ndiyo tiketi yako. Unganisha kadi yako ya benki na Alipay kabla hujaondoka nyumbani, maana ukifika na noti tupu utahangaika hata kununua maji. Tenga siku tatu, moja iwe ya vijiji vya chai. Ufukwe wa ziwa hauna kiingilio.